Mabakuli ya Mdomo Mpana

"Ziba pua," wifi alimwambia mfinyanzi, akiingiza ufunguo kwenye kufuli la stoo. "Usije ukasema baadaye sikukuonya."

Harusi ilikuwa imebakiza siku nane. Asubuhi hiyo ya Ijumaa mfinyanzi alikuwa amekuja nyumbani kwa mchumba wake kupima madirisha ili mapazia yashonwe. Wifi, dada mkubwa wa bwana harusi, alikuwa amempokea kwa uso ule ule wa siku zote, uso wa mtu aliyeletewa chai yenye nzi akaombwa ainywe asiwaaibishe wenyeji. Katika miaka miwili ya uchumba, mama huyo hakuwahi kumpa mfinyanzi mkono bila kwanza kuutazama ule anaopewa. Alikuwa akitazama kucha. Udongo ukishaingia chini ya kucha hautoki kwa brashi wala kwa ndimu, na miaka kumi na sita ya kufinyanga si michache.

"Chumba hiki mnataka kiwe cha wageni," wifi alisema. "Sawa. Nyumba ni ya mdogo wangu, na mke ni wa mdogo wangu. Lakini kukisafisha, mimi simo. Uchafu uliomo ni wako, Bi Udongo. Utautoa mwenyewe."

"Wangu? Dada, mimi sijawahi kuingia humu hata siku moja."

"Wewe hujaingia. Vyombo vyako ndivyo vilivyoingia."

Alisukuma mlango. Uvundo ndio uliotoka kwanza: mkojo wa panya, karatasi iliyolowa ikaoza, na chini ya hivyo viwili harufu tamutamu ya kitu kilichofia mahali kisikoweza kufikiwa. Mfinyanzi alijifunika pua kwa mtandio. Macho yalipozoea giza aliona vifurushi vya magazeti, vimepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari, vingine vimelaliana, vingine vimechanwa na meno ya panya. Wifi alikishika kimoja kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeokota soksi ya mlevi, akakifungua.

Lilikuwa bakuli. Ndani yake mende wawili walikuwa wamekauka, miguu juu. Mfinyanzi aliligeuza, na chini ya kitako akaona mikwaruzo miwili midogo ya ukucha wake mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake.

"Yamefikaje hapa?"

"Kwa miguu yalikuja!" Wifi alicheka bila furaha. "Muulize anayekupenda. Kila siku ya soko anamtuma yule mama anayefagia duka lake la miwani. Mama wa kikapu chekundu, humjui?"

Alimjua. Mama wa kikapu chekundu alikuwa mteja wake mkubwa kuliko wote. Kwa miaka sita, kila Jumamosi ya pili na ya nne ya mwezi, alikuwa akifika alasiri, jua likianza kulegea, na kuchukua chochote kilichobaki mezani. Hakuomba kupunguziwa bei. Mfinyanzi alikuwa amezoea kumsimulia shangazi yake habari za mama huyo kwa fahari: yupo mtu mmoja mjini, shangazi, ambaye anaijua kazi yangu. Siku alizokata tamaa, mikono ikiuma na kuni za tanuri zikiwa mbichi, alimfikiria mama huyo akimwaga mchuzi kwenye bakuli lake, akawasha moto tena.

"Miaka sita," wifi aliendelea. "Nimelala chumba cha pili na panya hawa miaka sita. Nilimwambia mdogo wangu, mwanamke mwenyewe mchukue, lakini vyungu vyake mwachie. Hakunisikia. Sasa na wewe usinitolee macho, mimi sikukununulia hata kijiko."

"Niachie ufunguo, dada."

"Chukua. Na hivyo vidole usinawie jikoni kwangu."

Mfinyanzi aliketi sakafuni, akaanza kufungua.

Hakujua kwa nini alivifungua kwa mpangilio. Labda ni mazoea ya mtu wa kazi. Kila gazeti lilikuwa na tarehe, na kwa tarehe hizo akaweza kuyapanga mabakuli ukutani kwa safu, mwaka baada ya mwaka. Ilimchukua asubuhi nzima. Mara tatu alilazimika kutoka kupumua. Katika kifurushi kimoja alikuta kiota chenye vitoto vya panya vyekundu, visivyo na manyoya, vikihemahema ndani ya bakuli kama vimepakuliwa, na akahisi mate yakimjaa mdomoni.

Lakini si hicho kilichomtia kichefuchefu hasa. Kilichomtia kichefuchefu kilikuwa ile safu.

Shangazi yake, aliyemfundisha kazi akiwa na miaka kumi na minane, alikuwa na sharti moja. Chombo kilichopelekwa sokoni mara mbili kikarudi, hakipewi jirani wala hakifanywi cha kunyweshea kuku. Kinavunjwa katikati kwa nyundo, na aliyekitengeneza anakaa na kukisoma ukuta wake. Hapa chini umeacha udongo mwingi, ndiyo maana mnunuzi alikinyanyua akakirudisha. Hapa begani umevuta haraka. Hapa mdomoni uliogopa. Kila kosa liliandikwa kwenye daftari, na kesho yake asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, chombo hichohicho kilifinyangwa tena mpaka kosa lile litoke mkononi. Kwa miaka kumi mfinyanzi alivunja na kuandika, akajaza madaftari saba. Hakuna aliyewahi kumwambia ana kipaji. Alikuwa na nyundo na asubuhi, basi.

Kisha mambo yakamnyookea. Kila alichopeleka sokoni kiliuzwa, hakikurudi hata kimoja, na pasipo cha kurudi hakukuwa na cha kuvunja. Daftari la nane lilikomea ukurasa wa sita. Alikuwa amedhani amefika.

Sasa safu ilikuwa mbele yake. Mwanzoni mwake, miezi ile ya kwanza kabisa, kulikuwa na gudulia lenye shingo ndefu, bakuli lenye bega, na kikombe chenye mkono alioujaribu ukatoka mzuri. Baada ya hapo yalifuata mabakuli ya mdomo mpana, na mengine ya mdomo mpana, na mengine. Alichukua la miaka mitano nyuma na la mwezi uliopita, akayaweka magotini. Aliyapapasa huku amefumba macho. Hakuhisi tofauti yoyote isipokuwa vumbi. Kitako kilekile kinene na mdomo uleule mvivu. Mtu aliyekuwa akitembea alikuwa amesimama, na kwa miaka sita akawa anapiga hatua palepale huku akijipongeza kwa safari.

Hivyo ndivyo mchumba wake alivyomkuta alipokuja kula chakula cha mchana.

Alikuwa mpima macho, mwanamume msafi kupita kiasi, mwenye koti jeupe na mikono laini iliyonukia sabuni. Wateja walimwita Dokta ingawa hakuwa daktari, na mfinyanzi naye alimwita hivyo, kwanza kwa utani, baadaye kwa mapenzi. Alikuwa na tabia ya kuvua miwani yake, kuifuta, na kuivaa tena kabla ya kumtazama mpenzi wake, kama mtu anayefungua dirisha ili aone vizuri. Kwa tabia hiyo peke yake mfinyanzi alikuwa amempenda.

Alisimama mlangoni, akaifuta miwani.

"Umeshaona," alisema.

"Nimeona."

"Nilitaka kukuambia baada ya harusi."

"Ungeniambiaje?"

"Kwamba nilikuwa nawe siku zote, mpenzi. Hata kabla hujanijua jina." Sauti yake ilikuwa laini, na macho yake yakamtazama kwa upole uleule uliokuwa ukimvuta siku zote. Bado ulimvuta. Alitaka aje achuchumae hapo, amshike mabega. Alipojigundua anataka hivyo, palepale katikati ya mkojo wa panya, alijichukia pia.

"Kaa hapo hapo. Usiingie," alisema. "Niambie, katika hivi vyote, kizuri kuliko vyote ni kipi?"

"Vyote ni vizuri."

"Nimekuuliza kipi."

Dokta alitazama huku na huku, akaonyesha bakuli lililokuwa karibu na kiatu chake. "Hili."

"Kwa nini?"

"Lina... umbo zuri."

"Lina ufa, Dokta. Inama ulitazame. Ufa umetoka mdomoni ukafika hapa."

Huko ukumbini wifi aliangua kicheko. "Na ndiye anayewapimia watu macho!"

"Dada, tuachie nafasi!"

"Nafasi gani? Panya wamemaliza nafasi yote."

Dokta aliligeuza bakuli mikononi, akalirudisha chini taratibu. Mfinyanzi alikuwa akimtazama vidole. Vilikuwa vikilishika kama mtu ashikavyo mtoto wa jirani, kwa heshima na bila kujua uzito wake.

"Umewahi kukifungua kifurushi hata kimoja?"

Dokta alilisogeza bakuli kidogo kwa kidole.

"Dokta."

"Niliogopa vitavunjika."

"Miaka sita."

"Nilijua ni vyako. Hilo lilinitosha. Nikiingia humu nikaviona vimepangana, nilikuwa nafurahi. Sikuhitaji kuvifungua ili nijue ni vizuri, umevifanya wewe."

Neno lile, vizuri, lilimteleza mfinyanzi mwilini kama konokono. Alilikumbuka lilivyokuwa likimwingia zamani, jioni walipotembea pamoja. Kazi yangu ya leo unavionaje vyombo vyake? Vizuri. Na vyungu? Vizuri sana, wewe hukosei. Alikuwa akilala nalo neno hilo. Sasa alijua lilitoka wapi, kwa mtu ambaye hajawahi kufungua hata karatasi.

"Kwa nini ulianza?" aliuliza.

Dokta alichuchumaa pale mlangoni, koti jeupe likagusa sakafu chafu bila yeye kujali. "Nilikuona unavunja. Nilikuja sokoni kutafuta kikombe, nikaambiwa hukuja siku ile, nikaelekezwa kwenu. Nikafika kwenye ua, mlango uko wazi kidogo. Ulikuwa umekaa chini, una nyundo. Unavunja kimoja baada ya kingine. Uso umelowa. Nilishindwa kubisha hodi. Nikarudi nyuma nikasema moyoni, yule mwanamke hatavunja tena chombo chake kwa kukosa mnunuzi, mimi nikiwa hai."

Siku nyingine yoyote mfinyanzi angelia kwa kusikia maneno hayo, na kwa kitambo hata yeye aliyasubiri machozi hayo. Hayakuja. Kilichokuja kilikuwa kitu kichungu kilichopanda kooni.

"Sikuwa nalia."

"Mpenzi, nilikuona."

"Lilikuwa vumbi! Chungu kilichochomwa kikivunjwa kinatoa vumbi, linaingia jichoni, jicho linatoa maji. Wewe kazi yako ni macho. Jicho linalolia na jicho lililoingiwa na vumbi hujui kuyatofautisha?"

"Nilikuwa mbali," alisema kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa nasoma, Dokta. Lile ndilo lilikuwa darasa langu, sikuwa na jingine. Wewe ukaja ukalifunga ukadhani umenipangusa machozi."

"Sikujua."

"Ungeuliza! Ungebisha hodi ukauliza, mama, unafanya nini hapo? Ningekujibu. Tungekuwa tumejuana miaka minne mapema."

Maneno hayo ya mwisho yalimwumiza Dokta kuliko mengine, ilionekana. Aliivua miwani lakini hakuifuta.

Mfinyanzi hakutaka kumwonea huruma. Alikuwa na swali moja lililobaki, na alilishikilia kama mtu aliyeshikilia kipande cha gudulia kilichovunjika, akijua kitamkata.

"Yule mama alikuwa akiniagiza. Kila mara ananiambia, mwanangu, wiki zijazo nifanyie yale ya mdomo mpana, hayo ndiyo nayapenda. Mimi nikaacha magudulia. Nikaacha vikombe. Nikasema huyu ndiye mteja anayejua, basi nifuate jicho lake. Hilo nalo ulimtuma wewe?"

"Hapana, hilo lilikuwa lake mwenyewe." Dokta alijibu haraka, akiona amepata jambo moja lisilo kosa lake. "Alisema ya mdomo mpana yanaingiana vizuri. Kikapu kinabeba manane badala ya manne, na mgongo haumuumi."

Mfinyanzi alimtazama. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichokatika, akainuka, akampita mlangoni bila kumgusa, akatoka mbio mpaka kwenye bomba la uani. Alitapika chai yote ya asubuhi.

Miaka sita ya mikono yake ilikuwa imeongozwa na mgongo wa mama wa watu.

Aliposimama wima, wifi alikuwa kando yake na kikombe cha maji.

"Kunywa. Mimi nilitapika wiki ya kwanza tu, baadaye nikazoea." Alimtazama anavyosukutua. "Sasa utamwacha?"

"Sijui."

"Ukimwacha, watu watasema nimekufukuza mimi. Jina langu litakwisha mtaa huu."

"Kwani hukutaka nifukuzwe?"

"Nilitaka," wifi alisema bila kuona haya. "Lakini si kwa vyungu. Nilitaka iwe kwa kucha."

Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili walitazamana bila mmoja kumwangalia mwenzake mikono.

Dokta alikuwa amefika kwenye ngazi ya uani. Koti lilikuwa na doa la kijivu lililoanzia kwenye pindo hadi magotini. "Niambie nifanye nini," alisema. "Nitawaita watu wa taka wayabebe leo hii. Nitamkataza yule mama kwenda sokoni. Sitanunua tena. Niambie tu."

"Jumamosi ijayo sitakuwepo kwenye harusi."

Wifi alishika kiuno.

"Jumamosi ijayo ni siku ya soko," mfinyanzi alisema. "Nitakuwa sokoni na nitakachokuwa nacho."

"Na mimi?"

"Wewe una miguu. Soko ni la watu wote. Ukija, tazama. Ukikipenda kitu, nunua. Usipokipenda, pita kama wengine wanavyopita."

"Na nisipokuja?"

"Basi nitajua ulikuwa ukinunua kitu gani miaka yote hii."

Nyumbani hakupokelewa vizuri. Shangazi yake, ambaye viganja vyake vilikuwa vimekwisha kwa baridi yabisi na sasa alikaa tu karibu na tanuri akitoa amri, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akajipiga paja.

"Unaahirisha harusi kwa sababu mwanamume amenunua vyungu vyako? Wenzako wanaacha wanaume kwa kuwa hawanunui kitu! Nimwambie nini mjomba wako? Nimwambie nini fundi aliyeshona nguo?"

Mfinyanzi alimpa mabakuli mawili aliyoyatoa stoo. "Hili na hili, shangazi. Lipi la zamani?"

Mama mzee aliyashika kwa viganja vyake vilivyopinda. Alipitisha kidole gumba ndani, akagonga kitako kwa ukucha, akayaweka chini.

"Sijui," alisema.

"Ulijua nimesimama?"

"Nilijua. Nilidhani umechoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Vilikuwa vinauzwa, mwanangu. Utamwambia nini mtu ambaye kazi yake inauzwa?" Kisha akaongeza kwa hasira, kana kwamba amekanyagwa, "Kaa kwenye gurudumu. Unanitazama nini? Una siku saba na udongo bado umekauka."

Juma lile halikuwa na uzuri wowote. Mikono iliyozoea kufunguka ilikataa kubana. Shingo ya gudulia la kwanza ilianguka ndani kama kinywa cha kizee kisicho na meno. La pili lilianguka. La tano lilisimama, likapinda. Usiku aliota mabakuli yamepangwa mpaka darini na yote yanahema, akaamka na harufu ya stoo puani, akanusa nguo, akanusa nywele, hakujua inatoka wapi. Mchana aliutazama udongo ukilegea mikononi mwake akasikia kinyaa, kinyaa cha mtu anayesikia sauti yake mwenyewe ikikosea wimbo anaoujua. Miaka kumi na sita! Alikata kilichoanguka kwa waya, akatazama ukuta wake, akafungua daftari, akaandika. Akakanda udongo upya.

Alimkumbuka Dokta mara nyingi, na kila mara kwa namna mbili. Alikumbuka viganja vyake vyenye joto, na akakumbuka vifurushi. Hakuweza kukitenga kimoja na kingine. Dokta hakuja, wala hakutuma mtu. Siku ya nne shangazi alisema hiyo ni dalili mbaya. Siku ya tano akasema hiyo ni dalili nzuri.

Jumamosi alifika sokoni na magudulia saba, yaliyopona tanurini kati ya kumi na moja. Hayakuwa mazuri. Aliyajua makosa ya kila moja kwa jina. Wauzaji wa jirani walimsalimia kwa sauti za msibani, maana kila mtu alijua siku hiyo alipaswa kuwa wapi, na muuza mikeka akamwuliza kama bwana harusi yu mzima.

"Mzima kabisa."

"Basi wewe ndiye mgonjwa," muuza mikeka alisema, wakacheka wote, naye akacheka nao.

Kufikia adhuhuri alikuwa ameuza mawili. Mama wa kikapu chekundu hakutokea siku hiyo nzima. Watu walishika, wakanyanyua, wakarudisha, wakaenda zao, na kila mara mfinyanzi alihisi amekataliwa, jambo ambalo hakulihisi kwa miaka sita. Alikuwa amesahau linavyouma.

Alasiri alimwona Dokta. Hakuvaa koti jeupe. Alikuwa akija kwenye safu ya meza taratibu, akisimama kwenye kila moja, akitazama vikapu, vijiko vya mbao, mikeka. Muuza mikeka alikohoa kwa makusudi. Dokta alifika mbele ya mfinyanzi, akaivua miwani, akaifuta, akaivaa. Lakini safari hii hakumtazama yeye. Alitazama magudulia.

Aliyatazama muda mrefu mno kiasi kwamba mteja mwingine alimzunguka. Kisha akachukua moja, akaliinua kwenye mwanga, akalizungusha. Akaingiza vidole viwili shingoni. Mfinyanzi alishika ukingo wa meza. Kila kitu mwilini mwake kilimwomba mtu huyo aseme vizuri, aseme nitayachukua yote matano, na palepale kitu kingine kikamwambia kwamba akilisema neno hilo hatamwona tena maishani.

"Linaegemea upande huu," Dokta alisema.

"Najua."

"Na chini ni zito. Shingo ni nyepesi, chini ni zito. Mtu akimimina maji, mkono utachoka." Alilirudisha, akachukua lililo karibu, akalipima kwa mkono mwingine. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Hili limesimama vizuri kidogo kuliko lile. Hapa begani. Lakini mdomo umefanyaje hapa?"

"Niliogopa."

"Inaonekana." Alilirudisha pia, kwa mikono miwili, palepale lilipokuwa. Sasa alimtazama machoni. Alikuwa amekonda, na alikuwa ameogopa kuliko mfinyanzi alivyowahi kumwona akiogopa. "Sitaki hata moja," alisema.

Muuza mikeka aliguna, akiwaonea aibu wote wawili.

"Haya," mfinyanzi alisema. "Karibu tena."

"Utakuwepo lini?"

"Jumamosi ya nne."

Dokta aliitikia kwa kichwa, akapita kwenye meza iliyofuata, akainama kutazama vijiko. Mfinyanzi alimfuata kwa macho mpaka kwenye kona, na muuza mikeka alipomwuliza kwa sauti ya chini ni mwanamume gani huyo asiye na haya, alilisogeza kwanza lile gudulia linaloegemea upande. Sitaki hata moja. Tangu alipofunguliwa mlango wa ile stoo, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kutoka kinywani mwa mtu huyo ambalo halikumtia kichefuchefu.

"Ni mchumba wangu," alisema.